Siku ya kahawa Materuni na wajukuu wawili, bibi nimeenda nawaambia ilivyokuwa

Naandika ndefu kidogo mnisamehe, kwa sababu mwezi mzima nilikuwa natafuta mtu aliyeenda huko Materuni, kijiji cha juu ya mji wa Moshi chenye kahawa na maporomoko, na watoto NA mzee kwa pamoja akaelezea vizuri, sikupata. Wanaoandika wengi ni vijana, anaweka picha ya maporomoko na picha ya kikombe anasema pazuri sana jamani nendeni, basi. Hakuna anayesema choo kikoje, mtoto wa miaka 6 atavumilia masaa mangapi, na bibi wa miaka 66 mwenye goti la kulia linalosumbua akifika kwenye mteremko anafanyaje. Sasa mimi nimeenda, nasema.

Wajukuu wangu wanakaa Ujerumani, Leipzig, wa kike ana miaka 11 wa kiume 6. Shule za huko zinafunga wiki mbili mwezi wa kumi, kwao hiyo ni vuli, sio vuli yetu ya mvua, ni ile tuliyokuwa tunasoma tu kwenye vitabu, mchana unakuwa mfupi na miti inaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, majani yanageuka njano na mekundu yanapukutika barabara nzima. Bibi yao wa kule, mzaa mama, likizo hiyo kila mwaka ni ya kwake na wao. Anawapeleka kuokota majani wanayabana kwenye vitabu, wanaokota na mbegu fulani za kahawia zinazong'aa wanazichomeka njiti wanatengeneza farasi na mbuzi, halafu wanaanza kutengeneza taa za karatasi za kutembea nazo usiku ikifika tarehe 11 mwezi wa 11. Haya yote mjukuu wangu wa kike ananihadithia kwenye simu ya video kila mwaka ananionyesha na hao farasi, na mimi nafurahi kweli lakini moyoni nasema huyu mama mwenzangu ana kitu cha kufanya nao, mimi nina simu.

Mwaka huu baba yao akasema likizo ya mwezi wa kumi wanakuja Moshi kwa bibi. Usingizi ulipotea kwa furaha, halafu ukapotea mara ya pili kwa mawazo, nitawafanyisha nini hawa watoto wiki mbili? Mimi naishi mjini, nyumba yangu uwanja wake ni wa kuanika nguo tu. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, kiko Kibosho kwa kaka yangu na kahawa yote alishang'oa ile miaka ya tisini bei ilipoporomoka, akapanda nyanya na ndizi, simlaumu, alikuwa na watoto wanasoma. Kwa hiyo ndio nikajikuta mimi, Mchaga, niliyezaliwa chini ya mti wa kahawa, natafuta wa kumlipa hela awaonyeshe wajukuu zangu kahawa. Iliniuma kidogo naomba niseme ukweli. Mwanangu wa mwisho (shangazi yao, ndiye tulienda naye) akaniambia mama hiyo hela hulipii kahawa, unalipia shamba ambalo bado lipo. Nikaona ana point.

Kupata wa kutupeleka. Ofisi moja hapa mjini nilipoenda na watoto, kijana akasikia wanaongea Kijerumani akataja bei kwa dola, dola 50 kwa kichwa mpaka yule mdogo. Nikamwambia hawa ni wa hapa, mimi ndio bibi yao, akasema bibi bei ni bei ya pasipoti. Nikaondoka. Ushauri wangu wa kwanza huo, usiende kuulizia ukiwa na watoto, nenda peke yako kwanza mpatane. Mwenzangu wa kwaya akanipa namba ya kijana wa kulekule Materuni ambaye kwao wana shamba na wanatembeza wageni, huyo akasema elfu 40 mtu mzima, elfu 20 mtoto, chakula ndani yake, na fimbo za kutembelea bure. Sisi wakubwa wawili na watoto wawili ikawa laki na ishirini. Noah ya kutupandisha na kutungoja siku nzima elfu 80. Jumla laki mbili. Sio hela ndogo kwa mstaafu lakini nikilinganisha na kile tulichopata siijutii hata kidogo. Daladala za kwenda Uru zipo kama mko wakubwa watupu, ila na watoto na mabegi na viatu vya kubadilisha mimi nisingethubutu.

Materuni iko juu huko Uru, kama kilomita 15 kutoka mjini, barabara inapanda tu unahisi na masikio. Tulitoka saa 2 asubuhi, na nawaomba sana mtoke mapema kwa sababu mlima asubuhi unakuwa wazi halafu unavaa wingu lake kuanzia saa nne hivi huuoni tena mpaka jioni. Siku ile Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa nyeupe imetulia mbele yetu njia nzima, mdogo akabaki ameganda dirishani, kwao Leipzig ni tambarare, akauliza kwa Kijerumani chake dada yake akatafsiri, "bibi huo mlima ni wa nani?" Nikamwambia ni wa kwetu. Mita 5,895, akazirudia mpaka tunafika.

Kijana alitupokea barabarani, shikamoo bibi, marahaba baba, akainama akamsalimia na mdogo kwa heshima zote akisema "huyu ndio mume wa bibi?" Nikasema ndiye, na huyu dada yake ni mke mwenzangu. Watoto hawakuelewa kabisa, shangazi yao ikabidi awaeleze kwamba huku bibi na mjukuu wanataniana hivyo, na siku nzima iliyobaki yule mdogo alikuwa ananishika mkono kwenye mawe anasema "twende mke wangu" kwa Kiswahili safi kuliko sentensi yoyote aliyowahi kusema. Mwongozaji mwenye akili ya kufungua namna hiyo ndio wa kumtafuta. Vitu vingine vyote vinarekebishika.

Sasa mpangilio. Kawaida wanaanza na maporomoko asubuhi, mnarudi mmechoka mna njaa mnakula ndio mnafanya kahawa. Mimi niliomba tugeuze, kahawa kwanza, kwa sababu nilijua mdogo akishatembea hana nguvu ya kukaa kusikiliza. Wakakubali bila maneno. Nitarudi hapo maana kulikuwa na gharama yake.

Mnaingia shambani. Na shamba ni kihamba cha kweli kile cha kizamani, sio kahawa imepangwa mistari peke yake. Migomba juu, kahawa chini ya migomba, chini yake magimbi na maharage, miti mikubwa ya kivuli imesimama katikati, mpakani isale, ule mmea wa majani marefu wa Wachaga. Kijana alieleza isale vizuri, kwamba ukimkosea mtu unampelekea jani la isale kuomba msamaha na hatakiwi kukataa. Nikaongezea yangu, kwamba kwetu Kibosho babu yangu alipanda isale kwenye kona zote za kihamba na mpaka leo ugomvi wa mpaka ukitokea wazee wanaenda kuangalia isale imesimama wapi. Mjukuu wa kike akatoa daftari akachora jani.

Nina lawama moja hapa na naitoa kwa upendo. Tulivuka mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga, maji yanapita taratibu kwenye mfereji pembeni ya njia, kijana akasema angalieni msiteleze akapita. Hapana! Nikawasimamisha wote. Ule mfereji si mtaro wa maji machafu, wazee wetu waliyatoa maji mtoni huko juu wakayachongea njia kwenye ubavu wa mlima bila kipimo chochote cha kizungu yakafika kila kihamba kwa zamu, na kila ukoo ulikuwa na siku yake ya kumwagilia na siku yake ya kwenda kufukua matope. Bila mfongo hiyo migomba ya kijani unayopiga picha mwezi wa tisa usingeiona. Watoto walidumbukiza majani wakayafuatilia yanaelea, nusu saa tukaimalizia hapo na hakuna aliyejuta. Kijana alisikiliza akasema bibi hii nitawaambia wageni wote kuanzia leo. Naamini atafanya.

Kuchuma. Mwezi wa kumi ni mwezi mzuri kwa hili, msimu wa kuchuma huku milimani unaanza kama mwezi wa saba unaenda mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo mtini unakuta zote, za kijani, za njano njano na nyekundu zilizoiva. Kila mtoto alipewa kikapu kidogo. Sheria moja tu, nyekundu peke yake, na usivute tawi, unazungusha tunda kwa vidole linaachia lenyewe. Mimi mikono ilikumbuka kabla kichwa hakijakumbuka jamani. Sijachuma kahawa miaka zaidi ya 30 lakini nilikuta naongea na binti yangu huku vidole vinaenda vyenyewe, kikapu kikajaa, mdogo akaja akachungulia kikapu changu akaangalia chake akasema kwa sauti "bibi UNAJUA!" Nilijisikia vile sijawahi kujisikia kwenye ile simu.

Nikawafundisha ile tuliyokuwa tunafanya watoto, kubinya tunda likatoa punje unanyonya ule utelezi, ni mtamu. Ndani kuna punje mbili zimelaliana kifudifudi, mara chache unakuta moja ya mviringo peke yake, wakaanza mashindano ya kutafuta hizo za moja. Mjukuu wa kike alipata tatu.

Halafu nikawahadithia, na hapa kijana alinyamaza akaniachia, hiyo nayo ni sifa yake. Kwamba mimi nikiwa na umri wa huyo dada tulikuwa tunaamka alfajiri kuchuma kabla ya shule, baba anapulizia mrututu, ile dawa ya bluu ya kahawa, majani yanakuwa ya bluu na mikono yake ya bluu, Jumamosi tunabeba kahawa kichwani kupeleka chama cha msingi cha ushirika kupimwa, na hela yake ndio ilikuwa ada yetu. Ikitokea chulebuni, ugonjwa wa kahawa, imepiga matunda yameoza meusi mtini, nyumba nzima inakuwa kimya kwa sababu kuna mtoto mmoja hatarudi shule. Siku hizi kuna miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayovumilia chulebuni na kutu ya majani, kijana alituonyesha michache imepandwa pembeni ya ile ya zamani. Baba yao hawa watoto ni mtoto wangu, alisomeshwa na mimi, mimi nilisomeshwa na kahawa. Sikuwaambia kwa maneno mengi hivyo ila yule wa kike alielewa, aliniuliza "kwa hiyo baba yuko Leipzig kwa sababu ya hii?" ameshika tunda moja. Nikasema ndiyo.

Baada ya hapo ni kazi, na kazi ndiyo watoto walipenda kuliko chochote. Mashine ya kumenya ni ile ile ya mkono ya chuma, unazungusha gurudumu ganda linatoka huku punje huku, mdogo alizungusha mpaka jasho. Punje zinatakiwa kulala kwenye maji siku moja mbili utelezi utoke halafu zianikwe juani wiki moja au mbili, ndio maana wana zilizokauka tayari mnaendelea nazo hapo hapo. Kinu. Mchi ulikuwa mrefu kumzidi mdogo mara mbili, lakini wana mchi mfupi wa watoto (hili walilifikiria, hongera sana), mnatwanga ganda gumu linatoka, wanaimba na ninyi mnaitikia ili mchi usigongane. Nikapepeta mimi mwenyewe. Ungo ukiurusha vizuri maganda yanatoka mbele kahawa inabaki, mjukuu wa kike alijaribu ikamwagika yote chini, hakuna aliyemcheka, tukaokota punje moja moja wote mpaka na shangazi mtu.

Kukaanga ni kwenye chungu juu ya kuni, hapo angalieni watoto wenye kifua, moshi ni mwingi na kibanda ni kidogo, mimi ningependa watoboe dirisha upande wa pili. Kila mtu anapokea mwiko kwa zamu kwa sababu ukiacha kukoroga dakika moja upande mmoja unaungua. Punje inatoka ya kijivu kijani inakuwa njano, kahawia, halafu inaanza kulia pa pa pa kama bisi. Mdogo aliuliza swali ambalo mpaka leo nalipenda, kwa nini kahawa ina rangi tatu na ni kitu kimoja. Nyekundu mtini, kijani kwenye ungo, nyeusi kwenye kikombe. Wakatwanga tena ikawa unga, ikachemshwa, ikachujwa, ikamiminwa. Kijana akasema inahitaji kama kilo 6 za matunda kupata kilo moja tu ya kahawa safi kabla ya kukaangwa. Hesabu hiyo muwaambie watoto kabla hawajamwaga kikombe.

Kasoro kubwa iko hapa. Kikombe kiko tayari, wakubwa tunakunywa, ni kahawa nzuri mno sina la kuongeza. Watoto je? Wametwanga wamekaanga wamepalia moto masaa matatu, halafu kinywaji chao ni soda! Nilimpa kila mmoja kijiko kimoja cha kuonja na sukari, mdogo akakunja uso dada akajikaza, lakini huwezi kumpa mtoto wa miaka 6 kikombe cha kahawa halafu usiku ulale. Kumbe ng'ombe wako pale pale zizini hatua ishirini. Maziwa ya moto yenye kijiko kimoja cha ile kahawa aliyotwanga mwenyewe, mtoto angekunywa kazi ya mikono yake. Nimemwambia kijana hilo.

Chakula kilikuwa ndizi nyama, parachichi, mchicha na matunda. Ndizi mchare zimeiva laini, supu nzito, walikula sahani mbili mbili na hawa nyumbani kwao hawali ndizi za kupika. Mpishi ni mama wa makamo, nikaenda jikoni kumshukuru, aika, tukaongea Kichaga mpaka binti yangu akaja kuniita.

Choo: cha shimo, kisafi, kina mlango unaofunga. Hakikuwa na sabuni na ndoo ya maji ilikuwa mbali kwa mtoto. Beba yako.

Maporomoko. Tuliondoka saa saba na nusu. Ni mwendo wa dakika 40 au 45 kwa vijana, sisi ulituchukua saa moja na robo kwenda. Njia mwanzoni ni pana ya kijiji, unapita katikati ya vihamba watoto wanasalimia, halafu inakuwa nyembamba upande mmoja mlima upande mmoja bonde, sehemu za mwisho ni mawe na matope na kushuka, na hapo ndipo goti langu lilisema. Nilikuwa na fimbo mbili, nilishuka kiubavu kama ngazi, binti yangu nyuma. Kama goti lako ni baya kuliko langu nakushauri ufike pale kwenye kona ambapo maporomoko yanaanza kuonekana ukae hapo, unaona yote na unasikia ngurumo yake, watoto waende na mtu mzima mwingine mnayemwamini. Usiende wewe na wajukuu peke yenu mkimtegemea mwongozaji mmoja, mkono wake mmoja hautoshi watu watatu.

Lakini nilifika. Maji yanadondoka kama mita 80, upepo wake unakulowesha hata ukiwa mbali, na ni ya baridi kali. Mdogo alivua viatu akaingia mpaka kifundo cha mguu akapiga kelele akatoka akaingia tena. Mjukuu wa kike alisimama tu anaangalia juu. Hatukuongea, huwezi hata kusikizana.

Halafu gharama ya kugeuza mpangilio. Saa tisa na nusu wingu lilishuka, saa kumi mvua, tukiwa katikati ya kurudi. Vuli yetu ndio ilikuwa inaanza na mvua zake huku juu mara nyingi zinapiga mchana kwenda jioni. Njia iligeuka sabuni. Kijana alimbeba mdogo mgongoni, akamwita mwenzake kwa simu akaja na miamvuli na akanishika mimi mkono mpaka barabarani, hawakuomba hata shilingi ya ziada, nikawapa elfu 10 kwa moyo wangu. Kwa hiyo nasema hivi: mkienda mwezi wa saba mpaka wa tisa, kukiwa kukavu, kahawa kwanza, ni sahihi kabisa kwa watoto wadogo. Mkienda kuanzia katikati ya mwezi wa kumi, maporomoko kwanza alfajiri mapema, mbebe maandazi na chai ya chupa ya kumtuliza mdogo njiani, kahawa ndio muimalize chini ya bati mvua ikinyesha. Na viatu vyenye meno chini, sio raba za shule. Na sweta, hata kama mjini kuna joto.

Kwa wale wanaouliza tulifanya nini kingine, kwa ufupi. Chemka tulienda, ile chemchemi ya kuogelea kule Hai upande wa Boma Ng'ombe, maji masafi unaona mpaka chini na samaki wadogo wanakudonoa miguu, wa miaka 11 anayejua kuogelea alifurahi sana, ila pana kina na vijana wanaruka na kamba, kwa mdogo asiyejua kuogelea nilikaa roho juu masaa yote, sitarudi naye mpaka ajue. Vumbi la njia hiyo nalo ni kubwa.

Na kitu cha bure kabisa ambacho naona bibi na babu wengi wa hapa tunakipita kila siku. Jakaranda! Mwezi wa kumi zinachanua Moshi na Arusha mpaka barabara inakuwa zambarau chini na juu. Tulipanda basi Arusha siku moja kumsalimia dada yangu, tukatembea polepole asubuhi kabla ya jua kali, watoto wakaokota maua wakayabana kwenye daftari kama wanavyobana majani kwao. Mjukuu wa kike akasema bibi huku vuli yenu ni ya zambarau. Ule mti wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa tu, ila mimi siku hizi nikipita chini yake nasikia hiyo sentensi.

Turudi Materuni nimalize. Kulikuwa na mbegu za parachichi kwenye sahani baada ya kula, kubwa, za kahawia, zinang'aa. Mjukuu wa kike alizichukua akaomba njiti za meno, akatoboa, akachomeka miguu minne na shingo. Farasi. Mdogo akatengeneza mwingine akasema huyu ni ng'ombe wa pale zizini. Mimi nilipewa mbegu ya tatu nikaambiwa nitengeneze ninachotaka, nikatengeneza mbuzi, miguu haikulingana lakini alisimama. Wakampigia bibi yao wa Leipzig video pale pale mezani (mtandao upo, unakatika katika), wakamwonyesha, na yule mama akakimbia kuleta wa kwake wa mwaka jana kutoka kwenye kabati, tukawa bibi wawili tunaonyeshana mbuzi hatuelewani hata neno moja.

Mbuzi wangu yuko dirishani jikoni, amesinyaa kidogo. Kahawa waliyotwanga wenyewe tulifungiwa kwenye karatasi, na nusu kilo nyingine nilinunua kwa elfu 15 wakaondoka nayo kwa baba yao.

Kijana na familia yake nawapa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nawawekea siku wakiweka sabuni chooni na maziwa ya watoto.